Sura ya Sita: Dawa Ambayo Haimo Kitabuni

Mtu akitazama sinema, kisha akaipata riwaya iliyoizaa na kuisoma, swali linalomjia kwanza ni hili: mbona wamebadilisha? Swali huwa kali zaidi sinema inapokuwa ya pili au ya tatu kutoka kwenye riwaya hiyohiyo. Msomaji hutarajia kwamba waliokuja nyuma, wakiwa na fedha nyingi zaidi na kompyuta za kuchora chochote, wangesahihisha pale wenzao walipoteleza, na kwamba kila toleo lingekikaribia kitabu kuliko lililotangulia. Mara nyingi anakuta kinyume chake: toleo la tatu liko mbali na kitabu kuliko la kwanza. Hapo hukumu mbili za haraka hutolewa. Wapenzi wa vitabu husema Hollywood huharibu kila inachogusa. Wapenzi wa sinema hujibu kwamba kitabu ni kitabu na sinema ni sinema, visilinganishwe. Hukumu zote mbili hufunga mjadala kabla haujaanza. Hakuna hata moja inayoeleza kwa nini mambo fulani hubadilishwa na mengine huachwa, wala kwa nini badiliko lilelile hujitokeza tena na tena katika sinema za watu tofauti waliofanya kazi miaka mingi mbalimbali.

Dai la sura hii ni kwamba sinema iliyorudiwa, yaani sinema mpya inayosimulia hadithi ambayo tayari ina sinema, kwa kawaida haitoki kitabuni hata ikiandika jina la kitabu kwenye bango lake. Inatoka kwenye sinema iliyoitangulia. Kile ambacho sinema ya kwanza ilikibuni ili kujiokoa na ugumu wa riwaya, ya pili hukichukua kama sehemu ya hadithi, na ya tatu hukifanya kuwa hadithi yenyewe. Dai hili nitalijaribu katika tawi moja tu, bunilizi ya kisayansi: hadithi ya kubuni inayoanza na jambo la kisayansi ambalo halijatokea, kama maradhi mapya, mashine isiyokuwepo au wageni kutoka sayari nyingine, kisha ikauliza binadamu angekuwa nani jambo hilo likitokea. Tawi hili linafaa kwa sababu riwaya zake nzuri zimejengwa juu ya swali moja. Swali likitolewa, matukio yanaweza kubaki yote na bado hadithi ikawa nyingine.

Kwa Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee. Watazamaji wengi walizipokea hadithi hizi katika vibanda umiza, yaani vibanda vya mtaani vya kuonyeshea sinema, kwa sauti ya mtafsiri aliyesimulia juu ya picha, na waliloliona lilikuwa toleo la mwisho. Kitabu hakikuwepo kibandani, wala sinema za kwanza hazikuwepo. Aliyekutana na hadithi kwa njia hiyo ana haki ya kujua kilichodondoka njiani.

Mbinu ya wanaochunguza miswada

Wachunguzi wa tenzi za pwani wana mbinu itakayotufaa. Utenzi kama Al-Inkishafi ulienea kwa miswada iliyonakiliwa kwa mkono, na miswada iliyobaki haifanani: idadi ya beti inatofautiana, na mpangilio wake pia. Anayetaka kujua mswada upi umetokana na upi hapati msaada mkubwa mahali ambapo yote inakubaliana, kwa sababu hapo kila mnukuzi alikuwa mwaminifu. Msaada uko kwenye makosa ya pamoja na nyongeza za pamoja. Mnukuzi mmoja akiongeza ubeti wake, na ubeti huohuo ukaonekana katika mswada wa mtu mwingine aliyekuja baadaye, kuna uwezekano mkubwa kwamba yule wa pili aliiweka mbele yake nakala ya wa kwanza.

Tufanye hivyohivyo kwa sinema. Tusihesabu mambo yanayofanana na kitabu, maana hesabu hiyo haiishi. Tutafute jambo ambalo kitabuni halimo kabisa, lakini limo katika sinema ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Mtu wa mwisho, mara tatu

Mwaka 1954 Mmarekani Richard Matheson alichapisha riwaya fupi, I Am Legend. Robert Neville, mfanyakazi wa kiwandani jijini Los Angeles, amebaki peke yake baada ya maradhi kuwageuza watu wanyonyadamu, yaani viumbe wanaoogopa jua na kuishi kwa damu ya wengine. Usiku anajifungia ndani huku jirani yake wa zamani, Ben Cortman, akimwita atoke. Mchana anapita nyumba kwa nyumba akiwaua waliolala. Matheson hakutaka kuliacha jambo hili mikononi mwa uchawi. Neville, ambaye hakusomea sayansi, anaenda maktaba, anatafuta hadubini, anajifundisha mwenyewe mpaka anamtambua bakteria anayeleta maradhi hayo. Dawa hapati. Anachokipata ni ujuzi unaomuumiza: mwanamke aliyemkaribisha nyumbani, Ruth, ni mpelelezi wa kundi la wagonjwa walio hai ambao wamejifunza kuyadhibiti maradhi kwa vidonge na wanajenga jamii mpya. Neville hakuwatofautisha na maiti wanaotembea. Amekuwa akiwaua wote, na mume wa Ruth ni mmoja wa waliouawa. Mwisho wa kitabu yuko kizuizini, amejeruhiwa, anatazama dirishani na kuuona umati unaomwogopa. Hapo anaelewa kwamba katika ulimwengu huo mpya yeye ndiye zimwi, yule anayeingia majumbani watu wakiwa usingizini, na kwamba atabaki kwenye hadithi zao kama wanyonyadamu walivyobaki kwenye hadithi zetu. Jina la kitabu linasema hivyo hasa.

Swali la riwaya basi ni hili: walio wengi wakibadilika, nani atabaki kuwa wa kawaida na nani atakuwa dubwana? Ni swali zito, na halimpi mhusika mkuu pa kujificha.

Sinema ya kwanza, The Last Man on Earth, ilitoka 1964. Ilipigwa Italia, na Vincent Price ndiye aliyeicheza nafasi kuu. Matheson mwenyewe alishiriki kuandika skripti, yaani maandishi ya sinema yenye maneno na matendo ya kila onyesho, lakini hakuridhika na matokeo, na jina lililowekwa ni la bandia, Logan Swanson. Sinema hii inafuata kitabu kwa karibu. Ben Cortman yumo, Ruth yumo, jamii mpya imo. Ila kuna mambo matatu mapya. Mhusika, ambaye sasa anaitwa Morgan, amekuwa mwanasayansi wa maabara. Anamtia Ruth damu yake akiwa amelala, na Ruth anapona. Mwishoni anafukuzwa mpaka kanisani na kuuawa kwa mkuki mbele ya altare, huku akiwatukana wauaji wake na kujiita mtu halisi wa mwisho. Hakuna utambuzi wa hatia. Anakufa akiamini kwamba yuko sahihi, na kwa kuwa damu yake imeonekana kuponya, mtazamaji naye anaamini hivyo.

Sinema ya pili, The Omega Man, ilitoka 1971 ikiongozwa na Boris Sagal, na nyota wake alikuwa Charlton Heston. Sasa maradhi yametoka kwenye silaha za vijidudu katika vita kati ya China na Muungano wa Kisovieti. Wanyonyadamu wameondoka kabisa. Badala yao kuna kundi la watu weupe kama chokaa, wenye majoho, wanaochukia mashine. Neville ni kanali wa jeshi na daktari. Kutokana na damu yake anatengeneza dawa inayomponya kijana mmoja. Anauawa kwa mkuki, akafia kwenye chemchemi mikono ikiwa imetanuliwa kama Yesu msalabani, na chupa yenye kinga kutoka damuni mwake inabebwa na walionusurika.

Tazama kilichorithiwa. Mkuki haumo kitabuni. Mtaalamu wa tiba hayumo kitabuni. Damu inayoponya haimo kitabuni, na kwa kweli inakipinga kitabu moja kwa moja, kwa sababu palipo na dawa wagonjwa si jamii mpya tena. Wamekuwa watu wanaosubiri kurudishwa kuwa kama sisi. Yule anayewaua anaweza kusamehewa kwa kuwa pia ndiye anayeweza kuwaokoa.

Sinema ya tatu ilichukua jina la riwaya. I Am Legend ya 2007, iliyoongozwa na Francis Lawrence na kuchezwa na Will Smith, ilihamia New York. Chanzo cha maradhi ni virusi vya surua vilivyogeuzwa ili kutibu saratani. Neville ni luteni kanali na mtaalamu wa virusi, ana maabara chini ya nyumba, na kila siku anatafuta dawa. Anaipata. Wagonjwa wanapovamia, anamkabidhi mwanamke aitwaye Anna chupa ya damu iliyobeba tiba, kisha anajilipua pamoja na wavamizi. Anna anaifikisha kwa walionusurika huko Vermont, na sauti yake inamtangaza Neville kuwa mtu wa kukumbukwa kwa sifa. Jina ambalo Matheson aliliandika kama hukumu limekuwa nishani.

Kwa ufupi, nyongeza zilizosafiri ni hizi:

- Mfanyakazi wa kiwandani amekuwa mtaalamu, na cheo chake kinapanda: mwanasayansi, daktari mwenye cheo cha kanali, bingwa wa virusi.
- Damu imekuwa dawa katika sinema zote tatu.
- Kifo cha mhusika kimegeuka kafara.

Ushahidi mzito kuliko wote uko ndani ya sinema ya 2007 yenyewe. Kuna maonyesho mawili humo ambayo hayakai sawa na mwisho wake. Neville anamkamata mwanamke mgonjwa ili amjaribie dawa, na mara moja kiongozi wa wagonjwa anajitokeza kwenye mwanga unaomuunguza, akimfuata kwa macho. Neville anarekodi kwamba wamepoteza kabisa tabia za kijamii. Baadaye ananaswa kwenye mtego ulioigwa kutoka mtego wake mwenyewe, na chambo ni sanamu ya dukani aliyozoea kuisemesha. Mtazamaji makini anaanza kuelewa: viumbe hawa wanafikiri, wanakumbuka, wanapendana. Kisha mwisho unakuja na kulisahau jambo hilo lote. Maelezo ni kwamba kulikuwa na mwisho mwingine, ambao ulitolewa baadaye kwenye DVD. Katika mwisho huo kiongozi yule amekuja kumchukua mwenzi wake, anachora kipepeo kwenye kioo ili aeleweke, Neville anamrudisha mwanamke, na macho yake yanaangukia ukuta wenye picha za wote waliokufa katika majaribio yake. Hapo ndipo swali la Matheson linaporudi. Baada ya maonyesho ya majaribio, ambapo studio huwaonyesha watu wachache sinema kabla haijatoka ili kupima watakavyoipokea, mwisho huo uliwekwa kando.

Kwa nini nyongeza hairudi ilikotoka

Ni rahisi kuwalaumu waongozaji kwa uvivu, lakini lawama hiyo haitoshi. Sababu ya kwanza ni ya kisheria. Studio inaponunua haki ya riwaya haipati maneno peke yake; baada ya sinema moja kutoka, inamiliki pia skripti yake. Warner Bros. ndiyo iliyotoa sinema ya 1971 na ile ya 2007, na katika orodha ya waandishi wa hii ya pili, skripti ya 1971 imetajwa kuwa chanzo pamoja na riwaya. Kwa hiyo utegemezi huu haukufichwa. Umeandikwa pale juu ya skrini, kwa yeyote atakayesubiri majina yapite.

Sababu ya pili inahusu kazi yenyewe. Riwaya ya Matheson kwa sehemu kubwa ni mawazo ya mtu aliye peke yake. Skripti ya zamani tayari imeyageuza mawazo kuwa matendo: imeshaamua nani aongee na nani, nini kionekane, hofu ije dakika gani. Mwandishi mwenye mkataba na tarehe ya mwisho ataanza na kile ambacho kimeshatatuliwa, kama ambavyo wengi wetu tungefanya.

Sababu ya tatu ni nyota. Watazamaji wa Kiswahili wana kanuni yao ya miaka mingi: steringi, yaani shujaa wa sinema, hafi. Hollywood imeilegeza kidogo. Steringi anaweza kufa, ila asife akiwa na hatia. Price, Heston na Smith wote wanakufa, na wote wanakufa wasafi. Nyongeza ya damu inayoponya ndiyo inayowasafisha, na ndiyo maana haiwezi kutolewa bila jengo zima kutikisika. Sinema ya 1964 iliipachika kama kiraka. Kufikia 2007 imekuwa nguzo.

Kitukuu na babu yake

Mtu anaweza kusema mfano mmoja hautoshi. Basi tuichukue The Time Machine ya Mwingereza H. G. Wells, iliyochapishwa 1895. Msafiri anafika mwaka 802701 na kuwakuta binadamu wamegawanyika kuwa jamii mbili: Eloi, wazuri na dhaifu, wanaocheza juani, na Morlock, wanaoishi chini ya ardhi na kuwala Eloi. Hitimisho la msafiri ni kali. Eloi ni kizazi cha matajiri waliozoea kutumikiwa; Morlock ni kizazi cha wafanyakazi waliosukumwa chini pamoja na mashine zao. Utengano wa matabaka wa London ya wakati wake, ukiachwa uendelee, utazaa viumbe wawili. Mwanamke wa Eloi aitwaye Weena, aliyekuwa rafiki wa msafiri, anapotea usiku wa moto, na msafiri anarudi nyumbani bila kumwokoa mtu.

Sinema ya 1960, iliyotengenezwa na George Pal, iliondoa matabaka na kuweka vita: binadamu waligawanyika kwa sababu wengine walikimbilia mahandakini na wengine wakabaki juu. Ilikuwa miaka ya hofu ya bomu la nyuklia, na badiliko hilo lilieleweka. Weena anapona, Eloi wanafundishwa kupigana, na msafiri anarudi kwa Weena. Sinema ya 2002 iliongozwa na Simon Wells, kitukuu wa mwandishi. Kama kuna mtu aliyetarajiwa kukirudia kitabu cha babu, ni yeye. Lakini skripti ya 1960 imetajwa miongoni mwa vyanzo vya sinema hiyo, na mti umefuata mbegu. Sababu ya utengano ni janga tena, safari hii mwezi ulipasuka. Mwanamke wa Eloi anaokolewa tena. Morlock wanashindwa tena. Tajiri na kibarua wake hawamo hata kwa kivuli. Ukoo haukusaidia, kwa kuwa kilichokuwa mezani kilikuwa sinema ya Pal.

Carpenter alivyorudi nyuma

Kanuni hii ina watu walioivunja, na kazi zao zinatuonyesha kwamba urithi wa namna hii si amri. John W. Campbell alichapisha hadithi ndefu, Who Goes There?, mwaka 1938. Watafiti walioko Antaktika wanachimbua kiumbe kutoka barafuni, kinaamka, na kinaweza kumwiga mtu yeyote kikamilifu. Hofu yote iko hapo: anayekula nawe meza moja anaweza kuwa si yeye. Sinema ya 1951, The Thing from Another World, iliyotengenezwa na Howard Hawks na kuongozwa na Christian Nyby, ilihamia Ncha ya Kaskazini na kuutupa uigaji wote. Kiumbe chake ni jitu lenye asili ya mmea, linaloonekana wazi kuwa adui. Wanajeshi wanaungana dhidi yake na kushinda, na mwanasayansi anayetaka kuzungumza nalo ndiye anayeonekana hatari. Ni sinema iliyotengenezwa vizuri, yenye mazungumzo ya haraka na watu wanaopendeza, lakini imekigeuza kitabu: Campbell aliandika juu ya watu wasioweza kuaminiana, Hawks akatengeneza sinema ya watu wanaoaminiana sana.

John Carpenter aliipenda sinema hiyo kiasi kwamba aliionyesha kwenye televisheni ndani ya sinema yake Halloween ya 1978. Ilipofika zamu yake, katika The Thing ya 1982, yeye na mwandishi Bill Lancaster waliiruka na kurudi kwa Campbell. Antaktika ilirudi, uigaji ulirudi, na lile onyesho la kupima damu ya kila mtu ili kumfichua asiye mtu lilitoka kwenye hadithi ya 1938. Lakini Carpenter hakuwa mtumwa wa maandishi. Kwa Campbell binadamu wanashinda na shaka inakwisha. Kwa Carpenter kituo kinateketea, wanabaki wanaume wawili kwenye baridi, na hakuna anayejua kama mwenzake ni mtu. Mwisho huu umekipinga kitabu, na kwa maoni yangu ndio uliolifikisha swali la kitabu mahali ambapo Campbell mwenyewe alirudi nyuma. Wahakiki wengi wa 1982 waliikataa. Leo ni miongoni mwa sinema zinazoheshimiwa zaidi katika tawi hili.

Kwa ufupi: kurudi kitabuni si kurudisha matukio. Ni kurudisha swali, na aliyelirudisha amepata uhuru wa kubadilisha mengine yote.

Mapingamizi mawili

Pingamizi la kwanza: zipo sinema zilizorudiwa ambazo zinazungumza waziwazi na sinema iliyotangulia, na bado ni bora. Ni kweli, na mfano wake mzuri ni Invasion of the Body Snatchers. Riwaya ya Jack Finney ya 1955 inasimulia mbegu kutoka angani zinazozaa nakala za watu wakiwa usingizini. Sura ni ileile, kumbukumbu ni zilezile, upendo haupo. Kwa Finney wavamizi wanakata tamaa na kuondoka. Don Siegel, katika sinema ya 1956, alitaka kumaliza na mwanamume anayepiga kelele barabarani bila kusikilizwa, na studio ikalazimisha mwanzo na mwisho wa matumaini. Philip Kaufman, mwaka 1978, alimweka Kevin McCarthy, mwigizaji yuleyule wa 1956, akikimbia mitaani na kupiga kelele zilezile. Huo ni urithi wa wazi kutoka sinema kwenda sinema. Lakini angalia alichokirithi: onyo, yaani swali lenyewe. Kaufman alilitoa katika mji mdogo ambako kila mtu anamjua mwenzake na kulipeleka San Francisco, ambako majirani hawasalimiani. Hapo linauma zaidi, maana katika jiji la namna hiyo nani atagundua kwamba mtu amebadilika? Kwa hiyo dai langu halivunjiki, ila linahitaji kusemwa kwa uangalifu zaidi. Kosa haliko katika kumtazama mtangulizi. Liko katika kurithi njia aliyoitumia kulikwepa swali.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: maswali huzeeka, na kila kizazi kina haki ya kuiambia hadithi hofu zake. Vita vya vijidudu mwaka 1971, tiba iliyoharibika mwaka 2007, bomu mwaka 1960. Hayo ni maisha ya hadithi, si uharibifu wake. Nakubaliana na nusu ya kwanza. Chanzo cha maradhi kinaweza kubadilika kila baada ya miaka kumi bila madhara, kwa kuwa chanzo si swali. Kinachonisumbua ni kwamba mabadiliko hayasambai sawasawa. Silaha, virusi, mavazi na miji hubadilika kila mara. Ila kuna kitu kimoja hakibadiliki: mhusika mkuu anayefanana na watazamaji wa Marekani lazima awe upande wa haki. Tabia hii haikuletwa na kizazi kipya. Ni woga wa zamani uliovalishwa nguo mpya.

Kilichodondoka njiani kutoka London

Hili linaonekana vizuri zaidi katika The War of the Worlds, nayo ya Wells, iliyoanza kutoka kwa sehemu jaridani mwaka 1897 na kuwa kitabu 1898. Wageni kutoka Mars wanatua karibu na London na mashine za miguu mitatu, wanachoma miji kwa miali, na jeshi la dola kubwa kuliko yote duniani halifui dafu. Mapema kabisa Wells anamwambia msomaji wake Mwingereza asiwahukumu wageni haraka, akumbuke walichofanyiwa Watasmania na Wazungu. Hiyo ndiyo shabaha. Dola lililozoea kutua kwenye pwani za wengine na silaha wasizoweza kuzijibu sasa limefikiwa na wenye silaha kali kuliko zake. Wells hakuitaja Zanzibar, lakini msomaji wa huku hawezi kusahau kwamba tarehe 27 Agosti 1896, miezi michache kabla ya hadithi hiyo kuanza kuchapishwa, manowari za Uingereza zililipiga kasri la sultani na vita vikaisha kabla ya saa moja kutimia.

Sinema ya 1953 ilihamia California. Dola limetoweka, wanaoshambuliwa wanaonyeshwa kama watu wasio na historia ya kumshambulia mtu yeyote. Kasisi, ambaye Wells alimwandika kama mtu aliyevunjika akili kwa hofu, amekuwa shujaa anayewaendea wageni na sala mdomoni, na kifo cha wageni kwa vijidudu kinatolewa kama jibu la sala. Toleo la Steven Spielberg la 2005 lilirudisha mengi ya kitabuni: miguu mitatu, magugu mekundu, maficho ya chini ya nyumba, wageni wanaotumia damu ya watu. Kwa mkusanyaji wa matukio, ni uaminifu mkubwa. Hata hivyo mhusika wake ni kuli wa bandarini New Jersey anayewaokoa watoto wake, na vumbi na picha za waliopotea zinatoka moja kwa moja kwenye mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Limebaki jambo moja dogo: kijana wake ana insha ya shule ya kuandika kuhusu utawala wa Ufaransa nchini Algeria. Sentensi hiyo inapita haraka, katikati ya ugomvi wa nyumbani, na wengi hawaisikii. Humo ndimo alimobaki Wells.

Ninaona uchungu hapa kuliko kwenye mifano mingine yote. Hadithi iliyoandikwa na Mwingereza ili Waingereza wajione machoni mwa waliotawaliwa imewafikia waliotawaliwa ikiwa haina tena kioo hicho. Kibandani waliambiwa ni sinema ya wageni na mashine.

Unapotaka kulinganisha mwenyewe

Maswali matatu yatakufaa kuliko orodha ya tofauti:

- Je, badiliko hili limo kitabuni, au limeanzia kwenye sinema ya awali? Majina ya waandishi wa skripti yatakusaidia.
- Je, linamwondolea mhusika mkuu lawama ambayo kitabu kilimpa?
- Je, kuna onyesho ambalo halikai sawa na mwisho? Mara nyingi hilo ni kipande cha kitabu kilichobaki baada ya kingine kukatwa.

Mwaka 2023 Akiva Goldsman, mmoja wa waandishi wa skripti ya 2007, alisema kwamba mwendelezo unaoandaliwa wa I Am Legend utaanzia kwenye ule mwisho ulioachwa, ambamo Neville anabaki hai baada ya kumrudisha mwanamke kwa mwenzi wake. Ni hatua njema kuliko zote zilizowahi kuchukuliwa na sinema za riwaya hii tangu 1964. Sinema hiyo ikitoka, usihangaike na ukubwa wa magofu ya New York wala ubora wa viumbe vya kompyuta. Tazama kama wagonjwa wamepewa majina, kama wanaongea, kama kuna atakayemdai Neville ndugu zake waliokufa ukutani mwake. Na tazama kama bado kuna chupa ya damu ya kuponyea.